Usiguse

Wameiweka ndani ya Ngome, chumba chenye baridi,
chini ya taa iliyoinama kama mgeni mwenye haya.
Kando yake kikaratasi: Msanii hajulikani. Mombasa, miaka ya sabini.
Na kibao kidogo chenye mdomo mkubwa: USIGUSE.

Hajulikani!
Kingorani nzima ilimjua. Nusu yao aliwadai.
Shebwana wa Rangi, shati lake limelowa
damu ya majambazi wa wiki nzima.
Sinema ilibadilisha filamu kila Alhamisi,
naye Jumatano moja ilimtosha kufuta mbingu na kuweka nyingine,
juu ya bati lilelile, kwa brashi tatu na kopo la Kimbo.

Mimi ndiye niliyemkorogea. Miaka tisa, vidole vya buluu.
Nyekundu ya midomo ya mwimbaji
ndiyo nyekundu ya jeraha la shujaa.
"Rangi ghali, mwanangu. Waache wagawane."
Na busu akalichorea ua mbele,
watu wa msikitini wapite kwa amani.

Ami yangu Maalim Badi, wa kalamu ya tete na wino wa zafarani,
aya moja kwa mwezi mzima,
alivuka barabara asikanyage kivuli cha bango.
"Chema chajiuza," alisema, "kibaya chajitembeza."
Baba akashuka ngazi, akajifuta mikono polepole.
"Na hicho chema, Maalim, sokoni kilifika kwa miguu ya nani?"
Hawakusemezana hadi Idi.

Lakini usiku mmoja, nimetumwa mafuta ya taa,
nilimwona Maalim na tochi yake, peke yake, mbele ya bango,
akifuata kwa kidole, hewani,
namna baba alivyolipinda jina la filamu likawaka moto,
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Nilirudi kwa njia nyingine. Sikumwambia yeyote mpaka leo.

Sinema sasa ni duka la ndoo za plastiki.
Mabango yalikwenda yalikoitwa na shida:
moja likawa mlango wa choo,
hili likaezeka banda la Bi Kibibi.
Miaka thelathini kuku wametaga chini ya busu.

Ndipo akaja Bwana Nzuki, glavu nyeupe, magoti kinyesini,
machozi karibu yamtoke.
"Mama, hii ni sanaa."
"Hiyo bati, mwanangu. Subiri mvua."
Akapewa mabati mapya sita,
akaona amemlaghai kijana wa watu.

Basi ilivuka lini, na mpaka uko wapi?
Mavi yalipokwanguliwa?
Taa ilipowashwa?
Au ni pale watu walipoacha kulipa shilingi mbili
na kupiga miluzi?

Leo wameletwa wanafunzi, mstari mmoja, soksi zimevutwa.
Mwalimu ananong'ona: tulieni, hii ni sanaa.
Kijana mmoja, pengo mbele,
akaitazama bastola ya jambazi, akanyoosha kidole:
Tishum!
Na darasa zima likaanguka, likafa vizuri sana
juu ya mawe ya Mreno.
Nilicheka hadi buibui likaniteremka.
Baba, hadhira imefika. Imechelewa kidogo tu.

Mlinzi alipokuwa akiwafufua maiti
nikasogea. Kwenye kidevu cha jambazi
kuna alama ya dole gumba, nililoliweka rangi ikiwa mbichi.
Baba aliliacha. "Jambazi hahitaji kidevu kizuri."
Nikaweka dole langu palepale. Halienei tena.
Bati bado lanukia kuku.

"Mama! Hukusoma kibao?"

Nimekisoma, nikamwambia.
Herufi zake zimesimama vibaya.